Mkaja wa Bi Mwaisha

Kijiji cha Kisanzala,
Uluguru, Morogoro.
14 Julai 2024

Mpendwa kaka Dismas,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani na kahawa yako, mgongo umekuacha upumue kidogo, na wifi Elizabeth ni mzima. Veneranda amekwisha jifungua au bado? Alois naye anaendeleaje na ufundi wake? Sisi huku hatujambo. Baridi ni ile ile unayoijua, ya kukaa na sweta mpaka saa nne asubuhi. Goti langu la kushoto linalalamika kila nikipanda kutoka mtoni, lakini mdomo wangu hauna ugonjwa wowote, kama utakavyoona.

Usishangae kupata karatasi. Simu ninayo na vocha ninayo. Ila kila nikifika kwenye habari za nyumbani, mtandao wa Kasulu unaharibika ghafla. Ajabu sana mtandao huo! Karatasi haikatiki, kwa hiyo kaa utulie unisikilize, maana nina jambo, na nimelibeba tangu wiki iliyopita mpaka usingizi umekuwa wa shida.

Kwanza nikueleze kijiji, kwa sababu Kisanzala uliyoiacha siyo hii. Daraja limekwisha, malori yanafika hadi kanisani, na watu wakafuata iliki na karafuu. Mashine ya kukoboa na duka la nguo ni vya Msukuma. Mnara wa simu unalindwa na Mmasai ambaye sasa anasema Kiluguru kuwashinda wanangu. Mikate tunanunua kwa dada mmoja wa Kiarabu aliyetokea Kisaki, na kwaya yetu, kaka, besi imeshikwa na Wanyakyusa, paa linatetemeka. Kuna hata Mchina aliyesimamia ujenzi wa daraja. Wenzake wameondoka, yeye kapanga chumba kwa Twalibu na analima matango. Alifundishwa shikamoo bila kuambiwa ni ya nani, basi anawaamkia mpaka watoto wa chekechea, nao wanamwitikia "Marahaba" kwa sauti nzito.

Siku hizi ukitaka kusema "sisi Waluguru" mkutanoni, inabidi ugeuke kwanza uone nani amekaa nyuma yako. Wako wanaonung'unika. Mimi napenda kelele, unanijua, kwangu ni sikukuu kila siku.

Sasa nije kwa mwanangu Stephano. Nilikwambia alimwoa mwalimu Diana, Mchaga wa Old Moshi. Mungu amewapa mtoto wa kike, na Jumamosi ya tarehe sita ndipo tulipomtoa nje kwa mara ya kwanza. Kaka, ungemwona! Paji la uso ni la mama yetu mtupu, utadhani bibi kamchorea.

Baba yake Diana, Mzee Godlisten, alikuja kutoka Moshi na gari zima la ndizi. Alikuja peke yake, kwa kuwa mama yake Diana alifariki Diana akiwa bado mdogo. Tulikula, tukaimba, halafu Mama Mdogo Eufrazia, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa, akauliza lile swali la desturi: mtoto huyu ni wa ukoo gani?

Mzee Godlisten akasimama kwa heshima zote, akasema kwao mtoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo huyu ni wa kwetu sisi Waluguru. Mama Mdogo naye kwa heshima zote akajibu kwamba kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo huyu ni wa kwao. Wakaendelea hivyo, karibu baba, aa, karibuni nyinyi, kama watu wanaosukumiana finyango la mwisho kwenye sahani. Watu walicheka mpaka tukagundua kwamba mtoto hana kwao.

Mimi sikucheka, kaka. Nilijua kitakachofuata. Nyumba ya Stephano na iliki zake ziko kwenye ardhi ya ukoo wetu, na siku akifa, mtoto asiye wa ukoo anatoka. Ni maneno yale yale uliyoambiwa wewe na marehemu mjomba kwenye msiba wa mama, wifi Elizabeth akisikia, Veneranda akiwa mgongoni kwake. Asubuhi yake ulifunga sanduku ukarudi Kasulu, na hujakanyaga tena hapa. Na pale kwenye sherehe nikamwona Diana anakusanya nepi za mtoto kimyakimya, akamwambia Stephano kwamba Jumatatu anaomba uhamisho kwenda Moshi. Nikajiambia, haya, na huyu naye anaondoka.

Mama Mdogo alimwona pia. Unajua alivyo, huruma ikimpata haulizi mtu. Akanyanyua mikono akapaza sauti:

"Basi, yaishe! Kuanzia leo Diana ni binti yangu mimi. Nimemzaa mimi, yumo kwenye lukolo lwetu, na mtoto wake yumo!"

Vigelegele! Mimi mwenyewe nilipiga mpaka koo likakauka. Ukoo umepata mtu, mtoto kapata kwao, nani kama Mama Mdogo? Tulishangilia hivyo mpaka tukamsikia mtani wetu Mzee Mikidadi, wa ule ukoo wa ng'ambo ya mto, anacheka peke yake huku amejishika mbavu.

"Hongereni watani," akasema. "Na wewe Stephano hongera sana. Binti wa Eufrazia ni mdogo wake mama yako. Kijana, umeoa mama yako mdogo!"

Kaka, Mama Mdogo alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Stephano akasogea pembeni ya mkeka, mbali na mke wake, kana kwamba atashikwa. Mzee Godlisten anauliza huku na huku nini kimetokea. Na Mikidadi hana huruma, anaendelea kuuliza huyu mchanga tumwite mtoto wa Stephano au dada yake. Ikabidi Mama Mdogo amtapike binti yake pale pale, hata hajakaa naye nusu saa.

Ndipo akasimama Bi Mwaisha, dada yake Mikidadi. Unamkumbuka, yule mwembamba anayetembea haraka. Alizaa wanaume watupu, na ndugu yake wa kike alikufa bila mtoto. Kwa desturi zetu unajua maana yake: wajukuu anao tele, lakini wote ni wa koo za mama zao, na yeye akifumba macho nyumba yake inafungwa.

"Nipeni mimi," akasema. "Mimi na Stephano hatuna undugu wowote. Nipeni huyo Mchaga."

Tukaangua kicheko, tukijua ni utani, maana watani wanaweza kudai hata jeneza. Lakini yeye hakucheka.

"Sitanii," akasema. "Nimeomba binti tangu ujana wangu. Nani kasema lazima atoke tumboni?"

Mikidadi aliacha kucheka. Alimtazama dada yake kitambo, kisha akamwuliza Mzee Godlisten kama ana neno. Yule mzee alimshika Diana mkono, akavuka naye mkeka, akampeleka. Mchaga Mlutheri kamkabidhi binti yake kwa Mwislamu wa Kiluguru, na Wakatoliki sisi tunalia kama tumepewa sisi.

Unadhani Bi Mwaisha alikaa kulia? Alijifuta machozi mara moja, akamgeukia Stephano akamkazia macho. Akataka kujua ni kijana gani huyu aliyeoa binti yake bila kumpa mama mkaja. Stephano alitoka mbio mpaka dukani kwa Msukuma, akarudi na doti ya khanga ingali kwenye nailoni yake. Bi Mwaisha akajifunga ile khanga kiunoni mbele ya watu wote, akanyoosha mikono apewe mjukuu. Mtoto ataitwa Raya nyumbani, jina la mama yake Bi Mwaisha, na amekwisha kuonyeshwa kipande cha shamba la mdalasini ng'ambo ya mto ambacho hakuna atakayemtoa. Diana hajaomba uhamisho. Jana nimemkuta kwa mama yake mpya wanatwanga kisamvu na kugombana kuhusu chumvi, nikajua undugu umekamilika.

Sasa kaka, hapa ndipo ninapokuhitaji usikate mtandao. Jumatatu iliyopita Bi Mwaisha alikuja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza: "Yule Muha, mke wa Dismas, aliyeondoka na mtoto mgongoni. Alipata mama huku?" Nikamwambia hakupata. Akasema angemchukua hata siku ile, ila hakuna aliyemwuliza, na yeye hakujua kama inawezekana. Mikidadi amekubali. Mama Mdogo amekubali, na safari hii kafikiri kwanza. Wifi ana mama, Veneranda na Alois wana bibi, na huyo atakayezaliwa, akiwa wa kike au wa kiume, anakuja akiwa na kwao.

Nimeandika mpaka vidole vimekufa ganzi. Msalimie sana wifi Elizabeth, mwambie simwandikii kwa huruma, namwandikia kwa furaha. Msalimie Alois, na Veneranda umwambie shangazi anamwombea ajifungue salama. Mama Mdogo Eufrazia, Stephano na Diana wanakusalimu, na Raya angekusalimu kama asingekuwa amelala. Mwenyezi Mungu akulinde njiani, maana najua utakuja.

Na ukija, usije mikono mitupu. Bi Mwaisha anasema tangu umwoe binti yake hujamletea mkaja, na ameshaniuliza mara mbili unafika lini. Nilitaka kumnunulia khanga hapa hapa kwa niaba yako. Amekataa. Anasema mkaja haupokelewi kwa dada wa bwana harusi, anauleta bwana harusi mwenyewe, na mke wake akiwa pembeni.

Ni mimi mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Winfrida