Pua Yangu na Porto Tatu

Jumatatu, 4 Mei
Karafuu: hakuna. Kahawa: hakuna. Kitunguu: macho yamelia, pua kimya. Halafu glasi mbili. Porto ya miaka kumi: tamu. Ya miaka ishirini: tamu. Basi. Nikifumba macho sijui ipi ni ipi. Kwa kuangalia najua. Ya kumi bado nyekundu, ya ishirini imekuwa kama chai ya rangi.

Wiki ya tatu hii. Nuru alileta chupa tatu likizo ya Pasaka, kutoka Ureno anakosoma. Ni mvinyo wa kule, mzito, mtamu, unakaa kwenye mapipa mpaka unapauka. Akasema, baba, wewe umeonja asali maisha yako yote, hizi zitakuamshia pua. Vijiko viwili vitatu kila jioni, unalinganisha. Ya tatu ni ya miaka arobaini, kichupa kidogo. Sijaifungua. Ya nini kumwaga kitu kama hicho kwenye pua iliyokufa?

Pua iliondoka na mafua ya Januari. Mafua yakapona. Pua haijarudi.

Jumatano, 6 Mei
Mama Nuru kakubali kuninusia. Mlokole wangu hanywi, ila kunusa anasema si dhambi. Kainamia glasi kama anasoma dawa. Ya kumi, anasema, ni jamu iliyoanza kuungua. Ya ishirini ni karanga za kukaanga na ganda la chungwa. Nikanusa baada yake. Nikaona kama chungwa lipo. Nikafurahi mpaka nikasimama.

Halafu akabadilisha glasi bila kuniambia. Nikasema tena chungwa. Ilikuwa ya kumi.

Nanusa kwa masikio. Nimekasirika na kila mtu.

Jumamosi, 9 Mei
Mwenyekiti wa chama chetu cha wafuga nyuki kapiga simu. Shikamoo mzee, asali ya Itigi inaingia tarehe ishirini na tano, uko tayari? Nikamwambia niko tayari kabisa.

Mwongo mkubwa mimi.

Kazi yangu ni moja. Kila ndoo inafunguliwa mbele yangu, nanusa, naonja, nasema ipite au irudi. Iliyochacha irudi. Iliyoshika moshi irudi. Ulimi unanisaidia utamu tu, mengine yote ni pua. Ikipita ndoo moja mbovu ikamwagwa kwenye pipa na nzuri, pipa zima limekwenda, na watu waliopanda miti usiku na kuumwa na nyuki wanarudi mikono mitupu. Miaka kumi na tano wananiamini bila kuuliza. Nikikosa hii kazi sijui mimi ni nani. Ni mzee wa hapa kijijini Unyambwa mwenye kuku sita.

Jumapili, 10 Mei
Hakuna.

Alhamisi, 14 Mei
Mama Nuru kaenda mazoezi ya kwaya, kaniachia makande jikoni. Nilikuwa nimekaa mlangoni pale pale, hatua tatu, narekebisha redio. Jirani ndiye aliyepiga kelele ng'ambo ya ua. Baba Nuru, unachoma nyumba? Sufuria imekuwa mkaa.

Mama Nuru hakunigombeza. Kasugua sufuria kwa majivu. Afadhali angenigombeza.

Leo sikuonja chochote.

Jumamosi, 16 Mei
Niandike vizuri, hili nisilisahau.

Jioni nimekwenda kuchukua ya ishirini. Chupa haipo. Kwenye meza kuna kibuyu. Nikamimina, ni yenyewe, rangi ile ile. Nikainua glasi, na hata sijafika mdomoni nikapiga kelele. Nani kaweka moshi humu? Kitu kimekaa miaka ishirini, kimevuka bahari, mtu anakiweka kwenye kibuyu cha maziwa! Nimetukana mpaka kuku wamekimbia.

Mama Nuru katoka jikoni na mwiko mkononi. Kumbe jana niliacha chupa bila kizibo, sisimizi wakaingia mstari mzima. Yeye kawachuja kwa kitambaa, kisha kafanya kama mama yake alivyomfundisha. Kitu kizuri kinawekwa kwenye kibuyu kilichofukizwa, kisiharibike. Kakifukiza asubuhi kwa kijinga cha mti, kama cha maziwa. Alitaka kunifurahisha.

Kaniacha nikafoka mpaka nikachoka. Halafu akaniuliza polepole.

Baba Nuru, umejuaje kwamba kina moshi?

Nikakaa chini. Hapo hapo sakafuni.

Jumapili, 17 Mei
Kanisani sikusikia mahubiri. Nawaza. Moshi unawasha koo, huenda ni koo na si pua. Huenda niliona kibuyu na akili ikanimalizia. Mtu aliyeishi na moshi miaka sitini na moja anaweza kuuota mchana.

Jioni nimejaribu karafuu. Kidogo sana, mbali, kama mtu anaita toka ng'ambo ya bonde. Au naitamani tu. Hilo ndilo linanitesa. Kila ninachokinusa nakijua tangu zamani. Nitajuaje kwamba si kumbukumbu?

Jumatano, 20 Mei
Nimekwenda mjini kwa mwenyekiti. Sikuweza kuendelea na ule uongo. Nimekaa kwenye benchi ofisini kwake nikamwambia yote, tangu Januari, na makande, na kibuyu. Nilidhani atanishukuru kwa kazi na kunifungulia mlango. Ni mwanamke niliyemzidi umri, lakini ana maneno makavu.

Kafunga daftari lake. Halafu kasema, mzee, umenitisha, ungekuja na uongo wako tarehe ishirini na tano ningekufukuza mbele ya watu. Kisha kasema, huyo mama aliyesema karanga na ganda la chungwa, uje naye.

Nimerudi na boda nacheka peke yangu. Dereva kaniangalia kwenye kioo mara tatu.

Jumatatu, 25 Mei
Ndoo arobaini na mbili. Mimi natangulia, nasema langu, Mama Nuru ananusa nyuma yangu na kusema lake. Kavaa kitenge cha harusi ya mtoto wa dada yake, kama anakwenda kubariki kitu. Watu wa Itigi walicheka mwanzoni. Mmoja kauliza kama siku hizi napewa kazi na mke wangu. Nikamwambia ndiyo, na wewe ukae vizuri usije ukarudishwa na ndoo yako.

Moshi nimeukamata mimi, ndoo mbili, kabla yake. Zote kweli. Iliyochacha imenipita. Nilisema ipite, roho safi kabisa, Mama Nuru akaweka mkono juu ya kifuniko akatikisa kichwa. Ndoo ile ingeingia kwenye pipa.

Aibu, ndiyo. Lakini hakuna kilichoharibika. Jioni walewale waliocheka wamemuita Mama Nuru mtaalamu, na yeye kajifanya hasikii.

Jumapili, 31 Mei
Baada ya ibada tumekaa uani. Nimefungua ya arobaini.

Nimemwambia Mama Nuru asinuse kwanza. Asiseme neno. Akafunga mdomo kwa kiganja.

Rangi kama asali ya zamani kabisa. Nikainamisha uso. Kwanza hakuna. Nikangoja. Halafu kikaja kitu. Si moshi. Si karafuu, si chungwa, si karanga. Si asali ya mti wowote ninaoujua, na naijua mingi. Nimekitafuta utotoni, jikoni kwa mama, ghalani, kanisani, Itigi porini. Hakipo popote. Sijawahi kukinusa maishani mwangu.

Kwa hiyo hakikutoka kwenye kumbukumbu.

Nimelia kidogo. Mama Nuru kadhani ni hakuna tena, kanishika bega. Nikampa glasi anuse na yeye. Kakaa nayo muda mrefu. Kasema hajui ni nini.

Hata mimi sijui.