Wiki Waliyotaka Kufunga Kituo cha Helikopta

Alexandria, Virginia
14 Juni 2025

Mpendwa mjomba Mbarak,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Bi Time. Je, goti limepata nafuu? Uliposema ngazi za msikitini zinakushinda niliingiwa na wasiwasi, na mpaka leo sijaacha kulifikiria.

Sisi huku alhamdulillahi. Mume wangu Jawad bado anaendesha teksi ya uwanja wa ndege. Mtoto wetu Safa amefunga shule. Nikimsemesha Kiswahili ananielewa vizuri tu, ila majibu yote ni Kiingereza. Eid ilipita salama, pilau tulikula kwa jirani zetu wa Malindi.

Barua anakuletea Mwatumu, anasafiri kesho. Nimeianza tangu asubuhi. Nakaa, nainuka, nachungulia dirishani kama kuna mgeni ninayemngoja, na hakuna. Wiki hii moyo wangu haujatulia.

Uliniuliza kwenye simu mbunge ninayemfanyia kazi hufanya nini wiki nzima. Nilikujibu ovyo kwa sababu nilikuwa kwenye basi. Sasa nikujibu sawasawa.

Anaitwa Audrey Ferdinand. Jimbo lake liko mbali kusini, pwani ya Ghuba ya Meksiko, watu wake ni wavuvi wa kamba na mafundi wa mashua. Kila Jumatatu anapanda ndege kuja Washington, Alhamisi anarudi kwao. Hapo katikati ni vikao, kura, wageni, na simu za watu ambao nyumba zao zimeingia maji. Kazi yangu ni hao watu. Nawasikiliza, nampelekea shida zao, nawarudishia majibu yake. Mara nyingi majibu hayo ni ya kungoja.

Sasa serikali ilitaka kufunga kituo cha helikopta za uokoaji kule jimboni. Ilisema kituo kingine kipo na kinatosha. Kipo kweli, lakini ni mbali, na mtu aliye majini hana muda wa kungoja. Mheshimiwa aliandaa pendekezo la kukizuia kisifungwe, lipigiwe kura kwenye kamati Jumatano. Hotuba niliiandika mimi.

Jumanne alikuja mama mmoja wa jimboni, Mvietinamu, Bi Lan. Mumewe alipinduka na mashua mwaka jana, na helikopta ya kituo hicho ndiyo iliyomtoa baharini. Alitaka tu kukaa ndani ya ukumbi kura inapopigwa.

Jumatano asubuhi Mheshimiwa akaniita ofisini, akafunga mlango. Wakubwa wa chama chake walikuwa wamemwambia aliondoe pendekezo, la sivyo mwakani asahau kiti chake katika kamati ile. Na kiti hicho, mjomba, ndicho kinacholeta kuta za kuzuia bahari kule kwao.

"Nitaliondoa," akasema. "Nenda kamwambie yule mama kwa upole."

Nilitembea ujia ule mrefu mpaka nje ya ukumbi wa kamati. Bi Lan alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba magotini. Nikamwambia. Hakulia wala hakukasirika.

"Sawa," akasema. "Lakini niambiwe na yeye mwenyewe. Wewe siye niliyempigia kura."

Ningeweza kurudi nikasema mama ameelewa. Nakiri kwamba wazo hilo lilinijia, maana kazi hii ndiyo inayolipa nyumba yetu. Lakini nilirudi nikamwambia Mheshimiwa, "Anataka akusikie wewe." Akanitazama kwa hasira, nikadhani leo ndiyo mwisho wangu. Halafu akainuka, akatoka.

Walikaa pale benchini, mimi nimesimama kando. Bi Lan hakumwomba kitu. Alimsimulia tu kwamba mumewe, tangu siku ile, huenda bandarini kila asubuhi, huifungua mashua, kisha huifunga tena na kurudi nyumbani.

"Watoto wanajua wasimuulize," akasema.

Mheshimiwa akamshika mkono, kisha akaingia kwenye kamati. Jina lake lilipoitwa, nilimwona anakunja karatasi ya hotuba yangu. Akasema kwa maneno yake mwenyewe. Hakuliondoa.

Kura zikalingana, mjomba. Na kwa sheria za huku, kura zikilingana hoja imeanguka. Mwenyekiti akagonga nyundo, wakahamia jambo lingine kana kwamba ni wino umeisha kwenye kalamu. Mheshimiwa alitoka, akamwambia Bi Lan, "Nimeshindwa." Bi Lan akasema, "Nimeona," akamkumbatia. Kiti chake cha mwakani kimekwenda, tumeshaambiwa.

Jana ikaja habari nyingine. Wakuu wa uokoaji waliona kura zilivyolingana, wakatangaza kwamba kituo kitabaki wazi mpaka msimu wa vimbunga uishe. Baada ya hapo wataangalia tena. Ofisini watu walipiga makofi. Mimi nilishindwa hata kukaa.

Leo asubuhi nilimpigia Bi Lan kumpa habari. Alikuwa ameshazisikia, bandari nzima ilikuwa inazizungumza.

"Mume wangu naye alizisikia," akasema. "Ametoka na mashua leo alfajiri. Nasimama hapa nikitazama maji."

Mjomba, sikujua nimpe hongera au pole. Nilibaki na simu sikioni, naye hakukata, tukasikilizana tu mpaka akasema anaona mashua inarudi.

Nisalimie Bi Time, dada Queen na wanawe, na mzee Nadir wa dukani. Mwatumu ana dawa ya goti. Tafadhali uitumie, usiigawe kwa majirani. Mungu akuweke, akupe nguvu ya kupanda ngazi zote unazotaka kupanda, na atukutanishe tukiwa na afya.

Mimi mpwa wako, nikupendaye siku zote,
Layla