Jani Lililolala Siku ya Sherehe Yangu

Mpendwa Baba,

Leo Jumamosi ndugu zako wamekusanyika Kisiba kusimika msalaba wa saruji juu ya kaburi lako, nami sipo. Niko Kisondela, nimekaa juu ya gunia tupu katika banda la kupimia majani ya chai, na karatasi hii nimeiegemeza kwenye ubao wa mizani. Baba Mdogo amekwisha kuutangazia ukoo mzima kwamba elimu imenitoa utu, kwa sababu nimewanyima lori la kubebea wazee na mifuko ya saruji. Alinijia nyumbani Makandana wiki iliyopita, akasimama mlangoni bila kuketi, akaniuliza: "Lori la marehemu limkose marehemu mwenyewe?"

Swali hilo sikumjibu yeye. Nakujibu wewe, tena hadharani, kila apendaye asome, kwa kuwa jambo lililonifikisha hapa nalo ulilifanya hadharani.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni uliponiandikia kwamba shirika la umma uliloliendeshea malori tangu sijazaliwa limekupunguza kazini. Redioni walikuwa wakisema biashara sasa ni huria. Huku kwetu uhuru huo ulianza kwa malori ya shirika kuacha kuja. Wakulima wa Kisondela walichuma asubuhi, wakabeba matenga hadi bandani, wakangoja, na jioni wakalimwaga jani shimoni. Wewe ukachukua kiinua mgongo chako chote ukanunua lori lilelile ulilokuwa ukiliendesha, likiwa limechoka kuliko wewe. Mama alilia siku mbili. Wewe ulikuwa chini ya lori, unapiga mluzi.

Hapo ndipo nilipokukuta nilipokuja likizo, na hapo ndipo nilipoanzisha makosa yangu. Kiwanda kilikuwa kimetangaza kwamba wasafirishaji binafsi walete maombi ya maandishi, nami nilikuwa nimetoka kufundishwa na mhadhiri wetu kwamba biashara isiyojua ipo kwa ajili ya nini hubeba kila mzigo unaoisimamisha barabarani. Nikachuchumaa kando ya miguu yako, kalamu mkononi.

"Baba, kampuni yetu ipo kwa sababu gani?"

"Kampuni ipi? Hili ni lori."

"Lazima tueleze dhamira."

"Andika: kubeba majani."

"Hiyo ni kazi, Baba. Dhamira ni kwa nini tunaifanya."

Ukajivuta ukatoka chini ya lori, grisi imekutanda mpaka kwenye nyusi. "Sikiliza, Tusa. Jani likishachumwa lina siku moja tu. Likilala limekufa, na mama aliyelichuma ameinamisha mgongo bure. Andika hivyo, kwa maneno yenu ya chuo."

Nikaandika: *Kampuni hii ipo ili jani la mkulima mdogo lifike kiwandani siku ileile lilipochumwa.* Ulinisomesha sentensi hiyo mara tatu, ukiwa umefumba macho kama mtu anayesikiliza injini. Ningeishia hapo, Baba, leo ningekuwa kaburini kwako pamoja na wengine. Lakini nilitaka kukuonyesha kwamba ada yako haikupotea. Nikakueleza kwamba mwenye kampuni naye sharti awe na dhamira yake binafsi, nayo iandikwe, ili ajijue. Ulijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mimi nataka siku moja watu wa Makandana wakuone wasimame," ulisema. "Binti wa dereva amepita, nao wasimame."

Hilo nalo nikaliandika kwa lugha safi, chini ya lile la kwanza: *Dhamira ya mwenye kampuni ni kumsomesha binti yake na kumwona ameheshimiwa mbele ya watu.* Kati ya sentensi hizo mbili nikapiga mstari kwa rula. Nilijivunia sana ule mstari. Uliitia karatasi ile kwenye fremu ya kioo ukaitundika juu ya redio, na hakuna kati yetu aliyeuliza itakuwaje siku ambayo ya juu na ya chini zitataka lori moja.

Kiwanda kilikukubali, na kwa misimu miwili ulikuwa mtu ninayemkumbuka kwa furaha hata sasa ninapokukasirikia. Uliifupisha sentensi yangu ikawa "Jani halilali," na kijiji kizima kikaiimba. Nilipokuwa likizo ulinipandisha mbele nikaona kwa macho yangu. Mama Bupe, yule mjane ambaye shamba lake limepakana na banda hili, alikuwa akikupokea kwa utani kabla hujazima injini: "Baba Tusa, lori lako linakohoa kuliko mchungaji wetu!" Nawe: "Heri likohoe likija, mama, kuliko lile la shirika lililokuwa na afya na haliji." Siku moja mfanyabiashara mmoja wa mjini Tukuyu alikusimamisha akitaka umbebee kreti za soda, tena kwa malipo yaliyozidi ya jani. Ulimwambia, "Soda haiozi, ndugu yangu. Panga foleni nyuma ya jani." Nilirudi chuoni nikaisimulia darasani. Mhadhiri alisema huo ndio mfano bora kuliko yote aliyowahi kusikia. Nilikaa nikiwa nimevimba kichwa.

Kisha nikahitimu.

Sitajitoa katika hili, Baba. Ni mimi niliyekuandikia kwamba wenzangu wote wanafanyiwa sherehe kubwa. Ni mimi niliyeichagua Jumamosi ile, katikati ya masika, kwa sababu bwana mmoja mwenye ofisi Mbeya angeweza kuhudhuria, na nilitarajia kwamba akiona heshima niliyo nayo kwetu angenipa kazi. Sikuuliza shangazi zangu wa Kisiba watakuja kwa usafiri gani. Masika ndiyo majira ambayo chai huchipua kuliko wakati mwingine wowote. Hilo najua tangu utoto, na nililisahau nikiwa nimevaa joho.

Ijumaa ulilisugua lori kwa sabuni kutwa nzima ili utomvu wa chai usiharibu nguo za wageni. Ukapanga mabenchi ya kanisa ndani yake. Jumamosi likaingia uani likipiga honi, limejaa shangazi na kwaya, nami nikasimama kibarazani nikilipungia mkono. Mimi, mwandishi wa dhamira ya kampuni, sikujiuliza ni nani aliyekwenda Kisondela.

Wakati wa zawadi mshereheshaji aliita watu waje wakicheza. Walikuja na vitenge, na sahani, na jogoo mmoja. Mwishoni mwa msafara nikamwona Mama Bupe, ametembea kutoka Kisondela, tenga kichwani limefunikwa kanga safi, naye anacheza kama wengine, taratibu, bila kukosea hatua. "Wakulima wetu hao!" alipaza sauti mshereheshaji. "Vigelegele!" Nikapiga goti kidogo, nikalipokea tenga kwa mikono miwili.

Lilikuwa la moto. Joto lilipenya kwenye viganja kama vile nimeshika kuku anayeatamia, na harufu ya uchachu ikanipanda puani. Mama Bupe aliondoa kanga yake, akaikunja. Ndani kulikuwa na jani, majani mawili na chipukizi kama inavyotakiwa, jeusi.

"Ugonile, msomi," alinisalimu kwa Kinyakyusa, bila kupaza sauti. "Nami nimeleta digrii yangu. Hili ni la jana. La leo liko bandani, limekaa kama mgeni asiyeambiwa karibu."

Mshereheshaji alidhani ni utani, akacheka. "Mama, mbona zawadi ina moto?"

"Ina moto kwa kuwa haina lori."

Ulikuja, Baba, ukiwa na suti ya kuazima. Nilikutazama. Nilisubiri useme neno. Siku zote ulikuwa na neno. Hata mwenye soda ulimpa neno. Ulilichukua tenga mikononi mwangu ukalisukuma chini ya meza, ukanifuta viganja kwa leso yako, ukamwambia mshereheshaji, "Endeleeni na muziki." Kisha ukamgeukia yule mama: "Ni siku mbili tu, Mama Bupe. Chai huota tena."

"Chai huota," alisema. "Neno la mtu likishachumwa, huota wapi?"

Basi watu walisimama. Dhamira yako ilitimia, Baba, kama nilivyoiandika: nilionwa mbele ya watu wa Makandana nao wakasimama, mmoja baada ya mwingine, hadi viti vya nyuma. Walisimama ili waone kilichokuwa chini ya meza.

Jumatatu ulikwenda bandani ukakuta trekta la mnunuzi mwingine. Wakulima walikusalimu kwa heshima zote, wakakuuliza habari za nyumbani, wakakupa pole ya safari. Hakuna aliyekutukana, na nadhani hilo ndilo lililokuvunja. Baada ya msimu mmoja ulikuwa unabeba mbao, na ndizi, na zile soda ulizozikataa sasa ulikuwa unaziomba. Hata hivyo karatasi yangu hukuitoa kwenye kioo. Kila nilipokuja kukusalimu niliikuta palepale juu ya redio, sentensi mbili na mstari ulionyooka.

Kazi ya Mbeya niliipata. Yule bwana alisema alivutiwa na utulivu wangu siku ile. Nilikaa katika ofisi yake nikiwatungia watu wengine dhamira za kampuni zao, sentensi nzuri sana, na kila nilipomaliza moja viganja viliniwasha.

Sikukasirikii kwa kunipenda. Nakukasirikia kwa kuwa hukuniuliza. Ungeniandikia barua ya mistari miwili tu: Tusa, ni jani au ni shangazi zako, chagua. Hukufanya hivyo. Ulinichagulia, ukanisafishia lori, ukanifanya niwe sababu ya jani kulala, kisha ukaugua na kwenda zako bila kuniachia mtu wa kugombana naye. Na lililo chungu kuliko yote ni kwamba naogopa ungeniuliza ningechagua sherehe.

Baada ya kukuzika niliacha kazi. Lori lilikuwa nyuma ya nyumba, majani ya mgomba yameliangukia mpaka kwenye kioo. Fundi alilifufua, nami nikaja Kisondela na karatasi mpya, iliyopigwa taipu vizuri. Trekta lile nalo lilikuwa limekimbilia ndizi, na jani lilikuwa linamwagwa tena shimoni. Niliwasomea wakulima nikiwa nimesimama hapa hapa penye mizani. Walisikiliza hadi mwisho. Mama Bupe alikuwa ameketi juu ya tenga lake lililopinduliwa.

"Maneno mazuri," alisema. "Hata yale ya kwanza yalikuwa mazuri. Sasa niambie, mwanangu: siku utakayoolewa, jani letu litapanda nini?"

Katika miaka yote ya masomo hakuna mtu aliyewahi kunitahini hivyo. "Nitaolewa Jumapili," nilijibu, kwa kuwa Jumapili hakuna anayechuma. Wakacheka, na mzee mmoja akadakia, "Bwana harusi naye aje na fagio, afagie banda!" Mama Bupe hakucheka.

"Na msiba? Msiba hauna Jumapili."

Nikasema, "Siku hiyo mtanikuta hapa."

"Haya," alisema akijiinua. "Tutakupa jani. Lakini wewe tutakujua siku hiyo."

Nimewapelekea jani lao tangu wakati huo, nalo halijalala hata mara moja. Kisha Baba Mdogo akaja na Jumamosi yake. Nilimsihi tusimike msalaba Jumapili alasiri. Akasema mchungaji ana sharika mbili, na kwamba ukoo haupangiwi siku na majani. Sikumlaumu. Hata wewe ungesema hivyo. Wewe ulisema hivyo.

Kwa hiyo swali ambalo hukuniuliza, yeye ameniuliza, nami nimechagua. Usidhani nimefurahi. Kutoka hapa bandani, mawingu yakipanda, naona bonde la kwenu, na najua wakati huu wanaimba, na kwamba nafasi ya mtoto wa kwanza iko wazi pale kichwani pa kaburi.

Mama Bupe ameingia muda mfupi uliopita. Anajua leo ni siku gani. Rungwe nzima inajua. Alinitazama, akatazama lori, akashusha tenga lake. Nilitarajia neno, kama nilivyotarajia kwako siku ile. "Pole, mwanangu," alisema, kisha akalisogeza tenga kwenye mizani. "Pima. Jani linaanza kuchemka."

Nimepima. Lori limejaa, dereva niliyemwajiri amewasha injini, nami sharti nimalize. Karatasi yako nimeitoa kwenye kioo. Sentensi ya juu nimeiacha ilivyo. Ile ya chini, inayonihusu mimi, nimeikata kwa mstari wa rula ileile, na mahali pake sijaandika kitu. Dhamira ya mwenye kampuni wa sasa sijaijua bado, ila najua gharama yake.

Kesho ni Jumapili. Nitakuja Kisiba kwa miguu, peke yangu, nikuone ulivyowekewa msalaba. Lala salama mpaka hapo, Baba, na tafadhali usiniitie watu wa kusimama.

Ni mimi,
Binti wa dereva