Gia za Landrova na Chungu cha Nyuma ya Jiko

KITUO KIDOGO CHA POLISI, WILAYA YA KILIFI
MAELEZO YA SHAHIDI (MARA YA PILI)

Jina: Zipporah Kahonzi Gona
Umri: Miaka 48
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Dabaso
Tarehe: 15 Mei 1986, saa nane mchana

Mimi ndimi niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Juzi Jumanne niliandikisha maelezo hapa kuhusu gia za gari zilizopotea, na kwa maelezo yale fundi Kambi Mwambire amewekwa ndani. Niliyoyasema yalikuwa kweli. Leo nimejua kwamba hayakutosha. Kichwa changu hakijatulia, kwa hiyo naomba afande aandike polepole.

Bwana Ndirangu ni mpangaji wangu, karani wa ghala la korosho. Mwezi wa Septemba mwaka jana alinunua Landrova kuukuu mnadani, ikaletwa uani kwangu ikivutwa na trekta. Alisema ataifufua hapohapo nyumbani. Mimi niliona ni kichaa. Fremu ilikuwa imeliwa na kutu, ukiigusa inabaki mkononi. Alimwita Kambi, fundi wa Gede, kila Jumamosi wakawa wanakata na kuchomelea. Walitoa injini ya petroli wakatia ya dizeli, ikakataa kukaa, wakaitoa tena. Kamba yangu ya nguo ilihamishwa mara tatu. Kuku wangu walikuwa wakitembea na oili miguuni.

Nilivumilia kwa sababu moja. Binti yangu Easter ana mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza ziliharibika, ya pili njiani kuelekea hospitali, mvua ikinyesha na hakuna gari lililoweza kupita. Bwana Ndirangu aliniambia, "Mama Easter, siku yake ikifika, gari hili ndilo litakalompeleka Malindi. Tope si kitu kwake." Tangu siku hiyo nikawa nawapikia chai.

Mwezi wa Aprili gari lilitembea, lakini gia ya tatu ilikuwa inaruka yenyewe. Ikabidi giaboksi ishushwe na kufunguliwa. Mnamo tarehe 10 Mei, siku ya Jumamosi, Bwana Ndirangu alikwenda Mombasa kutafuta beringi, Kambi akabaki peke yake na kazi. Mimi nilikuwa kanisani kwenye mkutano wa akina mama. Niliporudi saa kumi na moja jioni nilimkuta akitoka na kikapu kizito. Akasema, "Naondoka mama, tuonane Jumanne." Hilo la kikapu ndilo nililowaambia polisi.

Mnamo tarehe 12 Mei, siku ya Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa nafagia nyuma ya jiko. Chini ya dirisha la Easter niliona chungu kipya kimefukiwa mpaka shingoni. Mdomo ulikuwa umefunikwa na kufungwa kwa vitambaa vitatu, chekundu, cheusi na cheupe.

Afande Maina ameniuliza kitu hicho maana yake nini. Yeye ni wa bara, simlaumu. Kwetu kinaitwa fingo. Kinafukiwa kulinda mali, mwizi asiguse, au kinafukiwa kumfunga mtu kwa uchawi. Mimi ni Mkristo, na hilo pia liandikwe. Lakini kile kitambaa cheupe nilikijua. Kilikatwa kwenye gauni la Easter, lile nililomshonea kwa ajili ya tumbo lake. Upindo ulikuwa wa mkono wangu.  Nilisema, basi, kumbe zile mimba mbili za kwanza ziliondoka hivi.

Sikumwambia mtu. Nilimtuma Easter kwa shangazi yake. Saa saba mchana, maji ya bahari yakiwa yametoka, nilikichimbua kwa jembe bila kukigusa, nikakisukumia ndani ya kapu la makuti, nikakiburuta mpaka kwenye mikoko. Kilikuwa kizito ajabu. Nilidhani uzito ule ni wa ubaya wenyewe. Nilikisukuma topeni kikazama mpaka mdomoni, nikasali, nikarudi. Siku hiyo nilikula vizuri.

Mnamo tarehe 13 Mei, saa mbili asubuhi, Kambi alikuja kazini. Alipita nyuma ya jiko, akarudi uso umembadilika. Aliniuliza, "Mama, kuna mtu amepita huku nyuma?" Nikamwambia hakuna. Kweli hakuna aliyepita, ni kwangu pale. Bwana Ndirangu akamwuliza gia ziko wapi. Kambi akasema aliziweka pahali pazuri na sasa hazipo. Akaulizwa ni pahali gani, akawa anatazama chini tu. Bwana Ndirangu alipandwa na hasira, akaja hapa.

Naapa sikujua. Mimi mwenyewe nilizitafuta gia zile siku nzima, mpaka ndani ya banda la kuku na chini ya kitanda changu. Kila mtu alisema gia. Hakuna aliyesema chungu.

Leo saa sita nilimletea Kambi chakula, kwa maana mamake ni mgonjwa. Aliniambia dirishani, kwa sauti ya chini, "Mama, gia zilikuwa ndani ya chungu. Nimekosa." Nikamwuliza chungu gani, ingawa nilikuwa nimeshajua. Akasema wanunuzi wa vyuma vikuukuu wamezidi, na giaboksi nzima huibwa kwa dakika moja. Basi akazilaza gia chunguni ndani ya oili, chumvi ya hewa isizile, akakifukia kwenye kivuli na kukifunga hivyo mtu yeyote akikiona apite mbali. Vitambaa alivitoa kwenye gunia la vipande chini ya cherehani yangu. Hakujua kwamba cheupe ni mabaki ya gauni la Easter. Kikapuni mlikuwa na spana zake tu.

Nikamwambia, "Mwanangu, siku mbili umelala hapa, mbona hukusema?" Akajibu, "Ningeanzaje mama? Kwamba nimefukia kitu kama kile nyumbani kwako, na Easter yuko vile? Ungeniamini?"

 Nisingemwamini. Ningepiga ukelele, na majirani wangemmaliza kabla polisi hawajafika.

Sasa sielewi nimkasirikie nani. Amenitisha roho yangu kwa ajili ya vyuma. Mimi nami nimetupa topeni gari la kumpeleka mwanangu hospitali, na mwenye kosa dogo amefungwa kwa kosa kubwa ambalo halikuwapo. Naomba aachiliwe. Mahali nilipokizamisha napajua, naweza kuonyesha. Naomba pia Easter asiambiwe mpaka ajifungue.

Niliyoyaeleza ni hayo, ya macho yangu na mikono yangu. Nimesomewa, ni sawasawa.

Sahihi: Zipporah K. Gona

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika haya kama yalivyosemwa. Saa kumi jioni nilifuatana na shahidi, Bw. Ndirangu na mshukiwa hadi kwenye mikoko ya Dabaso. Chungu kimepatikana kizima. Konstebo Dzombo, mwenyeji wa huku, aliomba udhuru asikishike, kikatolewa na mshukiwa mwenyewe. Gia zote zimo ndani ya oili, hakuna iliyopungua. Bw. Ndirangu ameondoa mashtaka, na Kambi Mwambire ameachiliwa papo hapo. Shahidi alimwuliza fundi gari litatembea lini, akajibiwa Jumapili. Nilitaka kuhifadhi vitambaa vyote vitatu kituoni. Shahidi aliniachia chekundu na cheusi. Cheupe alisema anajua sasa kwamba hakina neno, lakini hawezi kukiacha kilale nje ya nyumba yake. Nimempa.

Koplo G. Maina