Punje za Pindoni

Chang'ombe, Dodoma

Kwa baba yangu mpendwa,

Assalaam aleikum, na shikamoo baba. Mimi ni mzima, ila vumbi limenipa kikohozi. Nataka kujua hali yako, na kama mguu wa mama umepata nafuu.

Barua yako mjomba alinifikishia. Uliandika, "Tumesikia mnalima mahindi yanayovumilia jua. Yetu yamekauka yote. Tuletee mbegu hata kopo moja." Nimechelewa kujibu kwa sababu nina jambo la kukiri.

Ni kweli, mahindi ya shamba la majaribio ninakofanya kibarua yalisimama wakati ya majirani yamenyauka. Wataalamu waliibadili mbegu yake maabarani. Lakini shamba lina uzio na mlinzi, na tulitia saini kwamba hata punje moja haitoki. Siku ya kuvuna nilifunga punje kwenye pindo la kanga. Nilipokaribia geti, mama msimamizi akaniita pembeni. Alikuwa ameniona.

"Unampelekea nani?"

"Baba yangu. Kwetu Kondoa hakuna chakula."

Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, mimi naamini yatakuja kuwafaa watu. Ila hatujamaliza kuyapima kama ni salama kuliwa. Na yakichanua, upepo utapeleka chavua kwenye mahindi ya jirani. Hapo hakuna wa kuirudisha."

"Na njaa je, mama?"

Alinionyesha rundo la mavuno. "Zirudishe."

Nikafungua pindo, nikazirudisha. Kesho yake mchana tukachoma mavuno yote shimoni, kama masharti ya majaribio yanavyotaka, wakaguzi wakiangalia. Yalinukia kama mahindi ya jikoni kwetu. Hatukuwa tumekula tangu asubuhi, na hakuna aliyesogea.

Baba, nimebanwa. Nikiacha kazi, narudi kuongeza mdomo. Nikibaki, kijijini watasema niliwanyima wazazi wangu. Juzi nilisaini kibarua cha msimu mwingine. Mjomba anakuja na gunia la mtama nililonunua sokoni. Ni wa kula, hauna neno.

Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Ungekuwa wewe pale getini, ungefanyaje? Niandikie, hata kwa hasira.

Nisalimie mama, shangazi Zena anayemsaidia kuteka maji, na kaka Idi anayechunga mbuzi wetu.

Ni mimi binti yako, ninayengoja neno lako,
Mwajuma