Moshi Ulivuka Pazia

Kwako Baba Neema,

Mwenye wivu ajinyonge, wanasema. Mimi sijinyongi, nakuandikia.

Unakumbuka chumba chetu cha mtaa wa Kongo, Kawangware? Pazia la maua katikati, huku kitanda, kule viti na jiko. Neema alikuwa hajamaliza mwaka. Nikikuomba utoke nje na sigara yako, ulilivuta pazia vizuri ukasema, "Mama Neema, si niko upande wa viti?" Nami nilicheka, nisikudanganye. Tuliamini kitambaa kile ni ukuta.

Kisha sikio la mtoto likaanza kutoa usaha. Likipona hili, linaanza lile. Ulimbeba begani ukazunguka naye kwenye ua wa ploti mpaka akalala, na sikuwahi kukusikia ukilalamika. Nilikupenda sana siku hizo. Daktari aliponiuliza nani anavuta sigara nyumbani, nilisema hakuna, nisije nikakuaibisha. Akanieleza hata hivyo kwamba moshi huvimbisha kijia kinachotoka puani kwenda sikioni, maji yakakwama ndani, mtoto akaugua. Nilirudi nikakwambia. Kesho yake ukaja na pazia zito zaidi.

Sasa Neema ana miaka sita. Jumamosi iliyopita nilimleta kwako Kibera, kwenye hizo flati za Soweto East. Mke wako alitupatia chai, sina neno naye. Ukatoa sigara mfukoni, ukasimama. Nikakuuliza unaenda wapi.

"Nashuka chini. Siwezi vutia hapa, kuna mtoto."

Kuna mtoto! Orofa nne ukashuka. Uliporudi ulinawa mikono, ukabadilisha shati, ndipo ukampakata binti yako mchanga. Sikuionea wivu flati, wala mwanamke. Nilizionea wivu zile ngazi zote, kwa sababu kwetu zilikuwa hatua mbili tu hadi mlangoni na hukuzipiga.

Najua umejirekebisha, na ni vizuri. Lakini inaniuma, Baba Neema. Ulijifunzia kwa mwanangu, faida akaipata wa mwenzangu. Usiku huu nikisema nimekusamehe nitakuwa naongopa.

Mwalimu amemhamishia Neema dawati la mbele. Jumatano anaenda kupimwa kama masikio bado yanasikia vizuri. Naomba uje. Sikuiti kwa ajili yangu.

Siku ile ukiwa na mtoto mapajani, Neema ameketi ubavuni pako kabisa, ulisema kwa sauti ya chini, "Mrembo wa baba." Mimi nilikuwa ng'ambo ya meza, nikasikia. Tulipokuwa tukirudi Neema aliniuliza, "Mami, dadi aliambia beibi nini?"

Nikamwambia hata mimi sikusikia.

Ubaki salama na nyumba yako,
Mama Neema