Simu ya Bibi wa Mollo

Mama yangu,

Shikamoo. Sumbawanga kuna upepo wa baridi mpaka nalala na sweta, lakini dada Yustina ananipikia uji wa ulezi kila asubuhi, kwa hiyo usihofu.

Programu ya kompyuta aliyoiandika dada huchukua taarifa za ghala la mahindi, huzipeleka kwenye seva, yaani kompyuta za mbali, nazo huwatumia wakulima ujumbe kwenye simu. Jana bibi mmoja alikuja hapa mtaani kwetu Kizwite kwa miguu kutoka kijijini Mollo. Alikuta ghala limefungwa, majirani wakamwelekeza kwetu.

"Mmeniita, mmeniita, mmeniita!" alisema akihema. "Mtu akiitwa hivyo ni msiba. Ni mwanangu?"

Simu yake ilijaa ujumbe uleule: "Fika ghalani." Mtandao ulikuwa unakatika, programu haikupata jibu kwamba ujumbe umefika, ikawa inautuma tena na tena.

Dada alipiga magoti. "Hakuna msiba, bibi. Ni mahindi yako tu yameshapimwa. Nisamehe."

Akampa uji, akakaa kwenye kompyuta. Aliupa kila ujumbe namba yake, ili seva ikiona namba imeshapita isiutume tena. Kisha akatuma ujumbe wa majaribio kwenye simu ya bibi, nami nikachomoa waya wa intaneti kabla jibu halijarudi, kama alivyoniagiza, nikauchomeka upya.

Simu ililia mara moja. Tukasubiri, vikombe mikononi. Haikulia tena.

"Haya, sasa nimpigie mwanangu nisikie sauti yake," bibi akasema, akicheka huku anafuta machozi.

Nami nikakukumbuka, Mama. Mungu akulinde mpaka nirudi.

Mwanao,
Neema